Uso, Jina na Kipimo

Mtu asiyekubali kunywa maji ya kisima asichokijua hukubali, bila ya swali hata moja, kupaka usoni kitu asichokijua. Maji huonjwa kwa ncha ya ulimi kabla ya kumezwa. Dawa ya uso hupakwa kwa sifa za muuzaji na uzuri wa kopo. Uso ni kiungo ambacho mtu hutambulikana kwacho na wenzake tangu utoto hata uzee, na ingekuwa haki ulindwe kuliko viungo vyote. Mambo yamekuwa kinyume. Uso umefanywa uwanja wa majaribio, na mwenye uso ndiye anayelipa gharama ya jaribio.

Juu ya uwanda wa Ufipa, katika mji wa Sumbawanga ulio kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, biashara mbili zinagombea uso wa mtu. Ya kwanza ni kongwe, nayo ni mkorogo. Ya pili ni changa. Hufika kwa picha za simu ya mkononi na vifurushi vya mabasi. Hii ya pili hufundisha kuwa uso usipakwe ovyo, bali kwa utaratibu: asubuhi kitu hiki, jioni kitu kile, asidi siku moja, vitamini siku nyingine, na mwisho wa yote chombo cha umeme cha kukaza nyama za mashavu. Biashara changa humdharau mkongwe wake, na kwa sehemu ina haki ya kumdharau. Walakini zote mbili zina kasoro za namna moja. Mnunuzi hajui anachopaka, na jua la Ufipa halikutajwa mahali pa kwanza. Kitu chenye nguvu hakistahili kugusa mwili mpaka kimetajwa jina lake na kipimo chake kwa lugha ya mwenye mwili. Na katika nchi ya juu kama Ufipa, utaratibu wa uso usioanza kwa kivuli si utaratibu, ni matumizi mabaya ya fedha.

Mkorogo na uhukumiwe kwanza, maana mashtaka yake ni mazito. Neno lenyewe ni shahidi. Latoka katika kukoroga. Latangaza tendo la mkono, halitangazi kilichomo chunguni. Mpishi akisema amepika ugali, mlaji ajua kuwa ni unga na maji. Muuzaji akisema ana mkorogo, mnunuzi hajui lolote ila kuwa vitu vimechanganywa. Ndani yake aghalabu hukutwa haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli, na pengine zaidi ya kimoja kwa pamoja.

Haidrokwinoni huzuia kazi ya kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi. Daktari aweza kuiandika kwa kipimo kidogo, kwa muda mfupi, juu ya baka maalumu. Ikipakwa kwa miaka, kwa kipimo kisichojulikana, tena juani, yaweza kuzaa maradhi yaitwayo okronosisi: ngozi hugeuka rangi ya samawati iliyochanganyika na weusi, ikafanya chembechembe ngumu, na kuirudisha katika hali yake ni kazi ngumu mno. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza maradhi hayo mwaka 1975, walipoona kuwa wanawake waliotafuta weupe wamepata weusi mbaya kuliko ule walioukimbia. Zebaki hupenya ngozini ikaingia damuni, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu. Na kopo lenye zebaki huweza kuandikwa kalomeli, jina ambalo halimshtui mtu kwa kuwa halimwambii kitu. Klobetasoli ni dawa halali ya hospitali kwa baadhi ya magonjwa ya ngozi. Lakini ikipakwa usoni kila siku huikondesha ngozi, huleta chunusi na michirizi, huonyesha vishipa vya damu. Na siku mtumiaji anapoiacha ghafla, uso huwaka kama uliomwagiwa pilipili. Maskini hudhani uso unadai dawa, kumbe unalalamikia dawa. Huirudia, akawa mfungwa wa kopo.

Sheria hazikunyamaza. Afrika Kusini iliharamisha haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ukakabidhiwa Shirika la Viwango Tanzania. Mataifa yalifanya mapatano ya Minamata mwaka 2013, na vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki ni miongoni mwa bidhaa zilizopingwa humo. Hata hivyo Rukwa ni mkoa wa mpakani: upande mmoja Zambia, upande wa pili, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo. Kopo dogo halina shida ya kuvuka. Na hata lisipovuka, sheria hukamata kopo, haikamati tamaa.

Tamaa hiyo ina sababu, na si haki kuidhihaki kabla ya kuzisikia. Mwaka 2011 Kelly Lewis na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijichubua. Sababu walizozieleza zilikuwa nyingi: kuondoa chunusi na vipele, kulainisha ngozi, kupata weupe, kuwaridhisha waume, kupendeza mbele ya marafiki. Moja yatisha kuliko zote: wako waliojichubua ili kuondoa madhara yaliyoletwa na kujichubua. Tena itazamwe sababu ya waume. Mwanamume amchekaye mwanamke barabarani kwa vidole vyeusi na uso mweupe aghalabu ni yule yule amsifuye mweupe pindi anapochagua mchumba. Mwenye kuweka bei hana haki ya kumcheka mlipaji.

Sasa na iletwe biashara changa. Ina sifa ambayo mkorogo hauna, na haki yadai sifa hiyo itajwe. Imeleta desturi ya jina na kipimo. Chupa husema ina niasinamidi, ambayo ni namna ya vitamini B3, tena asilimia kadha wa kadha. Husema ina retinoli, iliyo katika ukoo wa vitamini A, au asidi ya glikoliki, inayolegeza chembe zilizokufa za ngozi ya juu. Vitu hivi si hadithi. Tretinoini, ndugu mwenye nguvu wa retinoli, imetumiwa na madaktari kwa chunusi tangu miaka ya 1960 na 1970, na kazi yake juu ya makunyanzi imepimwa mara nyingi. Mwanafunzi wa kike aliyejifunza kusoma chupa yake amepiga hatua kubwa mbele ya mama aliyepimiwa mkorogo kwa kijiko. Anayeikataa elimu hii kwa kuwa imetoka ugenini akatae na kwinini.

Lakini elimu iliyokatwa kichwa si elimu. Asidi ya glikoliki na jamii yake huifanya ngozi kuwa nyepesi kuumizwa na jua. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri kuwa bidhaa zenye asidi hizo zibebe onyo juu ya jua. Retinoli huharibika katika mwanga, yaweza kuwasha ngozi, na mwanamke mwenye mimba hushauriwa ajitenge nayo. Utaratibu ulioandikwa kwa msichana wa mji wa kaskazini, ambaye huliona jua kupitia kioo cha ofisi, hutumwa mzima mzima kwa msichana wa Ufipa apaliliaye maharage tangu asubuhi. Humenya ngozi yake usiku kwa asidi, asubuhi akaipeleka shambani wazi. Baka alilotaka kulifuta hurudi na ndugu zake. Ndipo hununua chupa ya pili ya kutibu kazi ya chupa ya kwanza, na hapo tofauti baina yake na mfungwa wa mkorogo ni bei tu. Chupa sita zenye majina, zikipakwa kwa pamoja na mtu asiyejua kila moja yafanya nini na ipi isikutane na ipi, ni mkorogo uliosoma shule.

Vipo tena vyombo. Kimoja hupitisha umeme hafifu katika nyama za uso ili kuzikaza. Kingine humulika mwanga mwekundu. Kingine hutetemeka tu. Umeme hafifu una historia yake katika tiba ya viungo na maumivu, na mwanga mwekundu umechunguzwa katika uponyaji wa vidonda na makunyanzi. Wala si kweli kuwa vyote ni ulaghai. Ukweli ni kuwa faida ya umeme huo juu ya uso mzima usio na maradhi ina ushahidi mchache. Na wauzaji wenyewe huagiza chombo kitumiwe tena na tena, ambayo ni njia ya adabu ya kusema kuwa kazi yake haidumu. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mwenye kifafa na mwenye mimba huonywa wajiepushe nacho, na onyo hilo limo katika karatasi ya herufi ndogo ambayo mnunuzi wa mbali hatafsiriwi. Bei ya chombo kimoja kizuri yaweza kumeza magunia kadhaa ya mahindi. Familia iliyouza mahindi hayo ili kijana wa chuo apate ada ingependa kujua kuwa sehemu ya msimu imekwenda kukaza mashavu ya miaka ishirini, mashavu ambayo hayajalegea.

Hapa mpinzani husimama na swali lenye nguvu. Je, mtu hana uhuru wa kujipamba? Wazee hawakujipaka hina na wanja, wala hawakusuka nywele? Walijipamba, na pambo si dhambi. Hakuna anayemtaka mwanamke wa Ufipa avae gunia ili athibitishe heshima yake. Lakini uhuru ni kuchagua kwa kujua. Aliyesaga hina aliujua mti wake. Aliyenunua kopo lisilo na jina hakuchagua, amechaguliwa. Wala ukale haupewi msamaha wa bure: baadhi ya wanja umepimwa ukakutwa na risasi, na risasi ni sumu hata ikiwa bibi wa bibi aliipenda. Hukumu ya jina na kipimo ni moja kwa kopo la leo na kwa kibuyu cha jana.

Basi uso wa mtu wa Ufipa unadai nini? Jibu liko juu ya kichwa chake. Kadiri nchi inavyoinuka, hewa inayochuja miali ya jua hupungua, na nguvu ya miali ya urujuanimno huongezeka kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Sumbawanga iko kiasi cha digrii nane tu kusini ya ikweta, nayo imeinuka kiasi cha mita 1,800. Juu ya hayo kuna hila ya baridi. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa uwanda huuma, watu hujifunika mablanketi, na mtu huota jua kwa shukrani. Hudhani jua lisilochoma halidhuru. Miali idhuruyo ngozi haisikiki kama joto. Huingia kimya katika asubuhi ya baridi kama katika mchana wa hari.

Itasemwa kuwa Mwafrika amepewa kinga yake. Ni kweli, na kinga hiyo ni ya fahari. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 1979 ulikadiria kuwa ngozi ya juu ya watu weusi hukinga mara 13.4, na ya watu weupe mara 3.4. Kansa ya ngozi iletwayo na jua ni nadra kwa watu weusi. Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo inayouvunja mkorogo: mtu aliyezaliwa na mwavuli usoni hutoa fedha ili auchane. Na mwavuli huo, ingawa ni mwema, hauzuii yote. Mabaka ya uso, yale yale yanayowapeleka wengi kwenye mkorogo, huchochewa na jua, na si kwa miali isiyoonekana peke yake. Hata mwanga uonekanao kwa macho huitia ngozi nyeusi weusi zaidi. Katika mji wa Nambour, Australia, watu wazima walifuatwa kwa miaka minne na nusu katika miaka ya 1990. Waliopaka mafuta ya kukinga jua kila siku walionyesha dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka kwa hiari yao. Wale walikuwa watu weupe wengi wao, na tarakimu yao haihamishwi ovyo. Lakini hapana chombo cha umeme kilichosimama mbele ya jaribio refu namna hiyo.

Ufipa wenyewe una sehemu katika elimu hii. Wahunzi wa Kifipa walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini, wakayeyusha chuma na kufua majembe. Walijua kuwa udongo mwekundu una kitu ndani yake. Kitu hicho, oksidi ya chuma, leo husafishwa viwandani na kutiwa katika mafuta ya jua yenye rangi, kwa kuwa huzuia ule mwanga uonekanao ambao mafuta mengi meupe huupitisha. Kwa uso mweusi wenye mabaka, hicho ni kiambato cha kutafutwa kabla ya asidi yoyote. Isidhaniwe kuwa mtu achimbe udongo ajipake. Mhunzi hakuyeyusha kila udongo, wala hakutia makaa bila kipimo. Na kwa ukavu wa miezi ya baridi, uwanda una alizeti yake na mashine za kuikamua. Mwaka 2005 ilichapishwa habari kuwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao katika hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, walipopakwa mafuta safi ya alizeti, maambukizo yalipungua. Na mwaka 2013 uchunguzi mwingine ulionyesha kuwa mafuta ya zeituni huidhoofisha ngozi pale ambapo ya alizeti huiacha salama. Mafuta hayo hayakingi jua, lakini hulainisha ngozi kwa bei ya nyumbani.

Utaratibu wa uso kwa mtu wa uwanda huo, basi, ni mfupi: maji na sabuni isiyo kali, mafuta ya kulainisha, kofia pana au kanga, mafuta ya kukinga jua kwa mwenye mabaka. Baada ya hayo, anayetaka dawa yenye nguvu na achukue moja, aliyoijua jina na kipimo, akaijaribu kwa miezi. Na mwenye maradhi amwone daktari. Utaratibu huu hauna fahari ya picha. Hauna faida kubwa kwa muuzaji pia, na labda ndiyo sababu haufundishwi.

Yako mambo mazito kuliko mabaka. Katika mkoa huu huu wa Rukwa, mwaka 2013 na tena mwaka 2015, watu wenye ualbino, watoto wakiwamo, walivamiwa vijijini na kukatwa viungo na watu walioamini kuwa viungo hivyo ni dawa ya utajiri. Walioponea panga hawajaliponea jua. Mtu mwenye ualbino ana melanini haba sana au hana kabisa, na kansa ya ngozi humjia mapema, pengine katika ujana. Kwake yeye mafuta ya kukinga jua si pambo, ni umri. Moshi, katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC tangu mwaka 1992, hutengenezwa mafuta ya namna hiyo, KiliSun, yaliyoanzishwa kwa juhudi ya mfamasia Mafalda Soto kutoka Hispania na wenzake wa Tanzania, yakagawiwa bure kwa wenye ualbino. Kazi hiyo ni njema. Lakini kutoka Moshi hata kijiji cha Ufipa ni mwendo mrefu, na sadaka ina siku ya kukosa.

Hapo ndipo aibu ya biashara ya uso ilipo. Aliye na melanini hutafutiwa kopo la kuiua, nalo humfikia kwa lori, kwa mtumbwi na kwa basi. Asiye nayo hutafutiwa panga. Na kitu pekee kiwezacho kushika mahali pa melanini humjia kwa hisani, wala hakumbukwi katika rafu za duka. Nchi inayoweza kufikisha klobetasoli mpaka mpakani haiwezi kusema kuwa njia ni mbaya kwa mafuta ya jua. Njia ni ile ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kuwa kinga ya ngozi ni bidhaa ya watu wote, ikauzwa kwa wingi, ikashuka bei, akanufaika nayo mwenye mabaka na akaokoka nayo mwenye ualbino.

Na wanazuoni wasijitoe katika lawama. Mkorogo hustawi penye ukosefu wa majina. Maonyo ya chupa huandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kichina, na mama wa Sumbawanga husomewa na yule yule anayemuuzia. Wenye kazi ya kukuza Kiswahili, katika BAKITA, katika TATAKI na katika madarasa ya kemia, wana wajibu wa kukipa kila kiambato jina linalotamkika na onyo linaloeleweka. Na Shirika la Viwango lina mamlaka ya kudai kuwa onyo hilo liwe juu ya kopo, kwa herufi zisomekazo. Kazi hii haina sherehe, nayo yaweza kuokoa figo nyingi.

Huelezwa kuwa maana ya jina Sumbawanga ni kutupa uchawi: aingiaye mjini na auache nje. Dawa isiyo na jina wala kipimo, inayoahidi uso mpya kwa mwenye kuamini, haina tofauti na hirizi ila kifuniko chake. Mji wenye jina kama hilo hauhitaji kufundishwa mahali pa kuitupa.